Aya ya Pili

Merigi, 4 Februari 2024

Mpendwa Chepngeno,

Natumai wewe na wanafunzi wako hamjambo. Mimi sijambo, ila goti linanisumbua asubuhi za baridi.

Nimesikia kanisani kwamba ulikaa siku tatu jikoni kwa Janeffer na kinasa sauti chako. Ati unaandika historia ya wivu kati ya wake wenza. Ni vizuri. Lakini mke wa kwanza wa marehemu baba yako ni mimi, na aliyekuzaa ni mimi. Nimefundisha miaka thelathini na minne, kwa hivyo najua historia huanza na shahidi wa kwanza. Maziwa yake ya mursik umekunywa. Yangu yamekaa kwenye kibuyu mpaka yakaharibika. Silalamiki. Nakueleza tu.

Mamako

Njoro, 19 Februari 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa goti. Chuo hakiniruhusu kumhoji mama yangu mzazi. Ndiyo maana nilienda kwa mama mdogo.

Nilimuuliza alikuonea wivu gani. Nilidhani atasema shamba. Akasema: "Baba yako Kimeli hakuwahi kunisalimu. Kila barua aliyotuma akiendesha trekta huko Mulot, mwalimu alitusomea, na salamu zikaishia kwake."

Kisha akatoa mkebe. Barua thelathini na moja! Anasema ukishasoma ulimwachia karatasi, ukijua hajui kusoma. Ameniomba nimsomee. Nilizipiga picha, nikazisoma kwanza peke yangu.

Mama, nimsomee nini?

Binti yako

Njoro, 16 Machi 2024

Mama,

Natumai u mzima. Barua hujajibu, simu hushiki. Nimemwahidi mama mdogo kwamba nitakuja Jumamosi kabla ya Pasaka. Sitaruka mstari.

Binti yako

Merigi, 28 Machi 2024

Chepngeno mwanangu,

Goti ni nafuu. Nikueleze ilivyokuwa, maana utahitaji kuandika sawasawa.

Aya ya kwanza ilikuwa yangu: mbolea, karo, ng'ombe. Ya pili ilianza, "Mwambie Janeffer." Siku ya kwanza niliruka mstari mmoja tu: kwamba anakumbuka sauti yake akiimba huku akikamua. Mimi sikuimbiwa wala sikuimba. Barua iliyofuata nikaruka aya nzima. Yeye alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani. "Ni hayo tu, mwalimu?" Nikasema ni hayo tu. Miaka sita.

Jana nilibeba miwani yangu nikaenda kwake. Nikamwambia alete mkebe. Nilisoma aya za pili zote. Kwenye ya nne akanizuia: "Rudia hapo." Nikarudia. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Nilipomaliza akauliza, "Ni hayo tu, mwalimu?"

Nikasema zimeisha.

"Basi kesho uje uanze tena ya kwanza."

Andika pia kwamba wivu haukuisha. Nilipofika kwenye mstari wa sauti yake, nilitaka kuuruka kama mwaka ule. Lakini nilisoma.

Usije Jumamosi na picha zako. Hiyo kazi ni yangu. Njoo Jumapili, na uanzie kwangu. Nimeweka maziwa mapya.

Sasa natoka. Nasikia ameanza kukamua, na anaimba.

Mamako