Khocha Aliyeonekana Kwenye Runinga

Kaka Simiyu,

Nimeandika habari za watu wengine kwa miaka mingi, na nimezoea kungoja hasira ipoe kabla ya kuandika. Hii nimeingoja tangu Agosti. Haijapoa, kwa hivyo naandika nayo.

Nianze na mazuri, maana yapo. Wewe ndiye uliyenifundisha voliboli nyuma ya nyumba yetu Ndalu, kwa wavu wa kamba za katani tulioufunga kati ya mti na nguzo ya zizi la ng'ombe. "Piga kama umeibiwa!" ulikuwa ukinipigia kelele. Timu ya taifa ya wanawake ilipocheza, ulinipakia kwenye baiskeli hadi Kitale, kwenye hoteli moja karibu na msikiti iliyokuwa na runinga. Tulinunua kikombe kimoja cha chai ili tusifukuzwe. Mwenye hoteli alituzoea. "Nyinyi wa chai moja," alituambia, "leo mkishinda mtanunua hata mandazi." Siku waliposhindwa ulirudi nyumbani ukakataa chakula. Mama akakutazama. "Simiyu, hao wasichana saa hii wanakula. Kula na wewe."

Sina neno na mapenzi yako kwa timu. Hilo liwe wazi.

Wafula wangu alipozaliwa, ulikuja ukamshika na kusema mbele ya mume wangu, "Huyu, luliki nitamvisha mimi. Mtu mwingine asiguse." Unajua maana yake, lakini wako wanaosoma barua hii pamoja nawe. Kwetu Wabukusu, kijana anayekwenda jandoni hufika kwanza kwa khocha wake, yaani kaka wa mama. Khocha humchinjia ng'ombe, humvisha shingoni ukanda wa nyama ya kifua, ndio luliki, kisha humzaba kofi na kumtukana mbele ya watu ili ionekane kama atatikisika. Ulitoa ahadi hiyo, ukaenda Ujerumani.

Mwezi wa nne ulipiga simu. "Yule fahali mweusi msiuze. Nakuja." Mama aliwafukuza wanunuzi kwa ajili yako. Wiki moja kabla ya siku yenyewe ukapiga tena: "Bosi amekataa likizo, dada. Si unajua wazungu, bana." Nilikuamini. Nilimwambia Wafula. Akasema, "Sawa. Kazi ni kazi."

Ikafika Jumatano, siku ya luliki. Tulishukia sokoni Ndalu alasiri, Wafula mbele akipiga kengele zake za jando, vijana wakiimba nyuma. Tulipopita hoteli ya hapo sokoni, wanaume waliokuwa wakitazama voliboli walitoka mlangoni. Mmoja akapaza sauti: "Ngojeni! Si huyo ni Simiyu wa hapa juu?"

Wimbo ulikatika. Tulikuona sote kwenye runinga. Ulikuwa umevuka mpaka kuifuata timu katika nchi nyingine, uso umepakwa rangi, bendera mabegani, na mtu amekushikia maikrofoni. Ulisema, "Ukiwa mbali ndio unajua kupenda nyumbani. Kenya ikiniita, lazima nije."

Nimewashikia watu maikrofoni maisha yangu yote. Sijawahi kutamani kumnyang'anya mtu kama siku hiyo.

"Kijana, khocha wako yuko Ulaya na wasichana!" mmoja akamtania Wafula. "Wewe utavishwa na nani, na mimi?" Wakacheka. Wafula aliinua mikono akapiga kengele, nasi tukaendelea.

Nyumbani ndipo ulipoumiza zaidi. Khocha aliyezuiwa na kazi husamehewa. Khocha aliyeonekana na watu, Jumatano, akiwa na likizo yake, kwetu ana maana moja tu: amekataa. Na kukataa kumvisha mtoto luliki ni kutangaza ugomvi na dada yako na nyumba alikoolewa. Habari ilikuwa imetutangulia kutoka sokoni. Nilizisikia sauti nyuma yangu:

"Kuna neno hapo. Khocha hawezi kukataa bure."

"Labda ni shemeji alimkosea."

"Ati walikosana kitambo, wanaficha tu."

Mume wangu, ambaye hajawahi kurushiana nawe hata neno moja, alisimama kando ya fahali huku watu wakimchunguza kama mshtakiwa. Jua halijazama, shangazi alikuwa ameshapiga simu kutoka Bungoma kuuliza tumekosana nini. Mama ndiye aliyetoka nje akawakabili. "Hakuna neno!" alisema. "Mtoto wangu ni mjinga tu!"

Ndipo Wekesa, mtoto wa baba yetu mdogo, naye kwa Wafula ni khocha vilevile, aliyekuwa ametoka Malakisi kuja kula kama mgeni mwingine yeyote, akavua koti na kuomba kisu. Alimvisha Wafula luliki. Alimzaba kofi. "Wewe wa Kitale! Umezoea chipsi! Kesho utalia wakusikie mpaka Sirisia! Si urudi kwa mamako akufunike!" Wekesa ni mpole, hajui kutukana; ilibidi arudie lile la chipsi. Wafula hakupepesa jicho, na kesho yake pia hakupepesa.

Jioni ile ulituma ujumbe kwenye kundi la familia, na picha yako na bendera. "Pole kwa kukosa. Nimewakilisha familia."

Uliwakilisha nani, Simiyu? Timu ilikuwa na uwanja mzima wa kuishangilia, na haikujua kama upo. Wafula alijua kwamba hupo. Nimewahoji wengi wanaoishi nje, na upweke wao naujua. Najua bendera inaweza kumliza mtu mzima akiwa katikati ya watu wasiomjua. Ungeniambia ukweli ningekukasirikia siku mbili, nikamtafuta Wekesa mapema, na mume wangu asingesimama pale akishukiwa. Ulichotakiwa kutoa ni ukweli tu, wala hauhitaji likizo. Hadi leo kuna watu Ndalu wanaomsalimia mume wangu huku wakimkwepa macho. Ugomvi ambao haukuwepo umeuzaa wewe, uso wako umepakwa rangi.

Sasa umeandika kwamba Desemba, vijana wakihitimu kutoka jandoni, utakuja, na umeuliza Wafula angependa zawadi gani. Nilimuuliza. Alijibu, "Muulize kama anajua khocha wangu ni Wekesa."

Basi nimekuuliza.

Njoo ukitaka. Mama atafurahi kukuona, na wale wanaomkwepa mume wangu utawaeleza mwenyewe, kwa mdomo wako, mmoja mmoja. Lakini kijana atakapotolewa mbele ya watu, atakayesimama naye ni Wekesa. Wewe utakaa kwenye tenti ya wageni. Kutoka hapo unaweza kushangilia.

Dada yako, mama Wafula,
Kitale