Tuta la Tumaini

Jumatano

Mchicha wa Tumaini umestawi kuliko wangu, na leo mwalimu wa kilimo amemchagua yeye kwenda kwenye maonyesho ya shule kule Mbeya. Siwezi kuandika jambo jingine.

Mimi ndiye niliyesoma kitabu kizima. Mimi ndiye niliyemweleza kwamba maji machafu ya kiwanda cha maziwa tunayotumia bustanini yana mafuta, kwa hiyo lazima yatulie siku mbili, utando uenguliwe, kisha yapitishwe kwenye kokoto na matete ndipo yamwagiliwe mchicha. Yeye aliazima daftari langu, akafuata kila kitu kama alivyokikuta.

Mimi sikufuata. Nilitaka mchicha wangu utangulie, nikamwaga maji ambayo hayakutulia hata siku moja. Sasa majani ni ya njano na udongo umegandiana.

"We Msomi, tuta lako linagandisha mtindi?" Tumaini aliuliza mbele ya darasa zima. Walicheka. Nami nilicheka, ili nisilie.

Jioni akanifuata bombani, peke yake, sauti ya chini. "Eti, majaji wa Mbeya wakiniuliza matete yanafanya kazi gani, nisemeje?"

Jibu ninalo, ukurasa wa tatu wa daftari, ambao yeye hakuufikia; alinakili hatua tu. Nikamwambia sijui.

Aliniamini palepale. Akapumua, akanishika bega. "Afadhali. Kama hata wewe hujui, wao hawatauliza."

Watauliza. Ndilo swali ambalo mimi ningeanza nalo.