Kumngoja Mtu na Neno Lake

Mwanangu, binti wa kaka yangu,

Natumai masomo hayajakuchosha kama kazi ilivyonichosha mimi. Paa la chumba changu cha tiba bado linavuja, na mwenzangu ameacha kazi, kwa hiyo wagonjwa wake nao wamekuwa wangu.

Uliniuliza iwapo mtu mwenye pupa kama wewe anaiweza kazi hii ya kuwarudishia watu usemi. Huruma unayo, masikio unayo. Kinachobaki ni kuvumilia kimya bila kukijaza, na hicho hunishinda hata mimi nikichoka.

Sasa nikwambie tulichokuficha. Baba yako alipata kiharusi. Mwili umerudi, maneno bado. Nilipotaka kukupigia alikataa kwa kichwa, nikaelewa anataka umalize mitihani kwanza.

Jana mezani alishika kijiko akaanza, "Ch... ch..."

Mama yako akamdakia, "Chai? Choo?"

"Wifi, mwache," nikamwambia.

Tukangoja mpaka chakula kikapoa. Hatimaye akasema, "Chumvi." Mama yako alicheka huku akijifuta machozi, akaenda kuileta.

Leo, kwa kuwa umemaliza mitihani, amekubali nikwambie. Piga simu Jumapili, atapokea mwenyewe. Ukisikia kimya, usianze "haloo, haloo", wala usikate. Ujue yupo, anakuja polepole na neno lake.

Ni mimi shangazi yako, ninayesinzia juu ya karatasi hii.