Wanja Juu ya Mshono

Maskati, Jumapili

Dada Nasriya,

Hili sijamwambia mtu: jicho langu la kushoto halioni vizuri.

Wiki iliyopita Shangazi Jawaher alinipeleka kliniki, mtaa wa Al Khuwair, nikapunguzwe ngozi ya kope. "Mwanangu, skuli umemaliza, macho bado yamelala!" aliniambia. Niliona haya kukataa.

Daktari alikataza wanja mpaka nyuzi zitolewe. Lakini mshono wa kushoto ulipowasha nilipaka wanja wa manga, maana bibi hutwambia ndiyo dawa ya macho. Sasa jicho hilo linatoka usaha, na nikifumba la kulia, uso wa shangazi siutambui. Naogopa, dada. Leo akirudi kutoka kazini nitamwambia anirudishe kwa daktari.

Mama usimwambie, nakuomba. Kope zile zilikuwa kama zake.

Mdogo wako,
Maha