Ardhi Yangu, Watu wa Owor

Jumatatu, 3 Machi

Mtandao wa forodha umelala tena. Malori yamepanga mstari mpaka nje ya mji. Madereva wanakuja dirishani kunigombeza mimi, karani wa kuchapa fomu, utadhani ni mimi niliyeuzima. Nimewaambia wakanywe chai. Nikatoa ramani chini ya kaunta nikaendelea na milima ya kaskazini mwa Kelumo, nchi ya kubuni. Mvua ya pale inanikera. Inanyesha upande mmoja tu na maji hayana pa kwenda. Nimefuta mara tatu.

Miaka miwili nachora barabara bila kujua kama kuna mtu wa kuzipita. Mwanamke wa miaka arobaini. Upuzi mtupu.

Jumatano, 5 Machi

Athieno, dadake Owor, amepiga simu. Owor ana ugonjwa wa figo. Hospitali imemrudisha nyumbani Kisoko, hakuna la kufanya zaidi. "Yeye alikataa nikuambie," Athieno kasema. "Lakini mimi naambia tu."

Nilichapa fomu sita baada ya hapo, zote na makosa. Bosi kanikodolea macho. Nikamkodolea pia.

Niandike ilivyokuwa, nisije nikajidanganya. Tulianza Kelumo tukiwa senior two, yaani kidato cha pili, shule moja Tororo, dawati moja. Mimi Msamia wa upande wa Kenya, yeye Mjapadhola wa Kisoko. Tuligawana dunia. Ardhi yangu: milima, mito, hewa, mimea, umbali. Watu wake: kuzaliwa, ndoa, vita, nyimbo, vifo. Nisiguse watu. Asiguse ardhi. Na nikitaka kubadilisha ardhi nimpe taarifa mapema, apate muda wa kuhamisha watu. Mafuriko, taarifa ya mwezi. Mlima wa moto, miezi miwili. Kilichoandikwa kwa wino hakifutwi. Yeye akawa mwalimu Mukuju, mimi nikawa karani hapa Busia mpakani, na sheria tuliishika.

Halafu nikakausha ziwa.

Kuna vijana wa Nairobi waliokuwa wanatengeneza mchezo wa simu. Waliona kipande cha ramani yangu wakakipenda, ila walitaka jangwa. Jangwa lenye mitumbwi iliyokwama. Nilikausha Ziwa Osuru mchana mmoja, kwa wino, bila taarifa. Jioni nikamtumia Owor picha, najisifu. Akajibu mstari mmoja: "Leo walikuwa na harusi kisiwani."

Hakuniandikia tena. Wale vijana nao hawakunijibu tena. Nilifikiri atanuna wiki moja. Nikanuna na mimi. Miaka miwili! Kiburi changu kibaya.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda Kisoko. Boda kutoka Tororo, vumbi mpaka masikioni. Owor alikuwa amekaa kwenye kibaraza. Miguu imevimba, uso umevimba, macho ni yaleyale. Akaniambia, "Karibu, mgeni." Mgeni! Afadhali angenipiga kofi.

Nilikuwa nimebeba ramani mpya. Ziwa limerudi, kwa penseli. Nikamwambia akubali tu, nitalipitishia wino hapohapo mbele yake. Hakuiangalia. Akasema wino ni wino, waliokufa wamekufa. Akaanza kuongea habari za mahindi.

Nikamwomba basi anikabidhi watu. Hao waliobaki, popote walipo. Wasiishie hapa.

"Nikupe uwamalize?"

Nikapandwa na hasira. Nikasema, "Owor, ni karatasi tu."

Alimwita Athieno amsaidie kuingia ndani. Nikabaki kibarazani na soda ambayo sijaifungua.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Nauchukia mdomo wangu. Si karatasi tu. Ningekuwa naamini ni karatasi nisingekuwa nimelia njia nzima mpaka mpakani, askari wa uhamiaji akauliza kama nimefiwa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimejaribu kuandika watu mwenyewe. Kama atakufa, nani atawaandika? Nikaanza na muuza samaki, chifu, na mtoto mmoja wa kike. Kurasa nne. Ovyo kabisa. Wote wanaongea kama mimi. Chifu analalamikia foleni. Mtoto anamgombeza mamake kwa maneno yangu ya kaunta. Owor alikuwa anajua shangazi wa kila mtu, na kwa nini fulani hali chakula kwa fulani. Mimi sijui mtu. Najua mawe.

Nimechana.

Jumamosi, 15 Machi

Nimerudi Kisoko, bila ramani. Nimekwenda kuomba msamaha tu. Nimemkuta amelala. Athieno alikuwa anapepeta mtama. Kaniambia mpaka wiki iliyopita kakake alikuwa anaandika asubuhi, mkono ukipata nguvu kidogo, na akimwona yeye Athieno anaficha kitabu chini ya blanketi. Alikuwa anaandika! Kumbe hajawaacha.

Alipoamka nilisema nilichokuja kusema. Nimekosa, nimeua watu wako, nisamehe.

Kisha akauliza, "Kusini ya lile jangwa lako kuna nini?"

"Bado sijachora. Ramani inaishia pale."

"Chora. Usikawie."

Hakusema amenisamehe. Lakini alinipa kazi. Nimerudi Busia nacheka peke yangu juu ya pikipiki, dereva akaniuliza kama niko sawa.

Jumatano, 19 Machi

Kusini haitaki kukaa sawa. Nimechora mara nne. Mto lazima utoke mahali, na pale nyuma ni jangwa, utoke wapi? Nikiweka vilima, upepo unabadilika, na upepo ukibadilika msitu hauwezi kuota. Owor atajua nikidanganya. Yeye hupima kila safari kwa siku za kutembea, hunikamata nikikosea hata nusu siku. Sitampelekea kitu kibovu. Si safari hii.

Nimepata rangi ya udongo angalau. Ile ya maji ya mashimo ya dhahabu ya Tiira, kahawia yenye njano.

Athieno alipiga. "Anauliza kama umemaliza." Nikasema Jumamosi naleta mwenyewe.

Ijumaa, 21 Machi

Owor amefariki alfajiri.

Ramani ilikuwa imebakiza mto mmoja.

Jumanne, 25 Machi

Tumemzika Kisoko. Watoto wa shule yake walikuja na sare wakaimba. Mwalimu mkuu alisoma maisha yake: alikozaliwa, alikosoma, madarasa aliyofundisha, ngoma aliyoipenda. Kelumo haikutajwa. Nani angeitaja? Watu wangecheka. Nilisimama nyuma ya akina mama waliokuwa wanasonga kalo, ugali wa ulezi, nikaosha vyombo mpaka vidole vikakunjamana. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Ningejibu nini?

Nilipokuwa naondoka Athieno alinishika mkono. Akatoa daftari ndani ya leso. "Alisema hii ya wewe. Usifungue hapa."

Jumatano, 26 Machi

Nimeomba ruhusa kazini, nikasema naumwa. Nimesoma daftari lote.

Waliokoka wachache. Siku ya harusi walikuwa wamevuka kwenda nchi kavu kutafuta kuni. Bibi harusi mwenyewe alikuwa kati yao, kwa sababu alitoroka dakika ya mwisho asiolewe. Hiyo ni Owor kabisa. Waliporudi hakukuwa na maji, na wa kisiwani walikuwa wamekufa. Owor akawatembeza, miaka yote hiyo miwili ambayo mimi nilikuwa nanuna. Akawatembeza kusini ndani ya jangwa langu, kwa vipimo vyangu. Hakupunguza hata siku moja. Nilipoandika hakuna kisima, hakuna kisima. Wamezika watoto njiani na kila mtoto ana jina. Angeweza kuwaandikia chemchemi, nisingejua. Hakugusa ardhi.

Ukurasa wa mwisho herufi zinatetemeka. "Wamefika mwisho wa nchi. Mbele hakuna kitu, hata mchanga. Wamekaa chini. Wanamngoja mwenye ardhi."

Juu yake kuna tarehe. Ijumaa, 7 Machi.

Siku moja kabla sijafika pale kibarazani. Alikuwa ameshawafikisha. Alikuwa ananingoja yeye pia, na kiburi chake, na mimi nikamwambia ni karatasi. Halafu akajishusha akaniomba ardhi, na mimi nikakaa siku sita na mto.

Siwezi kula.

Jumapili, 30 Machi

Mvua tangu asubuhi. Mji umetulia, upande huu na ule.

Nimemaliza kusini kwa wino. Bonde, majani mafupi, miti ya kivuli. Mto niliuweka mbali kidogo, siku moja ya kutembea. Nikaufikiria huo mwendo. Nikausogeza nusu siku. Kisha nikauleta mpaka pale pale kwenye mpaka wa ramani ya zamani.

Nilichukua daftari lake, chini ya mstari wa mwisho nikaandika kwa penseli, "Wakainuka." Nililitazama neno hilo. Mwandiko wangu. Nani aliinuka kwanza, na alisema nini, na nani alimshika nani mkono? Sijui. Nimelifuta.

Maji yapo hatua tano kutoka walipo. Wamekaa tu.