Nimefua Kahawa kwa Sabuni, Mke Ameenda Kwao

Mpendwa Mama Phelesia, pokea salamu za mtu aliyejiharibia mwenyewe na sasa anatafuta wa kumsaidia, maana hapa Isebania nikipita sokoni vijana wananiuliza, "Mzee, leo unafua nini?" Nina kahawa aliyopanda marehemu baba juu kabisa kilimani, mahali pa baridi ambapo kila mtu alimwambia anapoteza jasho, na kweli miti yenyewe inazaa kidogo na kuiva polepole, nami kazi yangu kubwa ni kusimama njiani na kuwaonyesha wageni kwa fimbo. Anayepalilia, anayechuma nyekundu tu na kuacha kijani, anayeianika na maganda yake juu ya wavu na kuigeuza kutwa nzima, ni mke wangu Bhoke.

Basi mwezi uliopita akaja muonjaji kutoka Nairobi kwenye chama chetu cha ushirika, akakaanga za watu wote kidogo kidogo, akachemsha, akawa anavuta kwa kijiko na kutema, alipofika kwa yetu akarudia, halafu akatangaza mbele ya mkutano, "Hii ina chungwa ndani, na asali." Mama, sisi kwetu ni watu wa chai, hiyo kahawa sijaionja tangu nizaliwe, nikajua tumeshikwa. Nikasimama, nikaomba msamaha kwa niaba ya mke wangu, nikasema lazima anawamenyea watoto machungwa karibu na wavu, nikaahidi haitarudiwa tena. Yule bwana akafungua mdomo kusema kitu lakini mimi nilikuwa nimeshatoka, hasira imenibeba.

Nikaingia nyumbani nikimwita Bhoke mchafu, watoto wanasikia, jirani anasikia. Akaniambia, "Baba Cliff, machungwa yenyewe hatujaleta hapa mwaka huu." Nani alisikia? Nilichukua magunia yote mawili ya kahawa iliyokauka, nikamwaga kwenye karai na sabuni ya unga, nikasugua mwenyewe mpaka povu likafika mlangoni, na najiona mwanamume kweli, naokoa jina la ukoo! Bhoke alisimama akiniangalia, hakulia, akafunga nguo zake, akambeba mtoto mdogo, akaenda kwao. Kesho yake Mokaya, katibu wa chama, akaja mbio kuniambia ile ya chungwa ilikuwa sifa, hakuna mtu aliyeitia, ni mti wenyewe na ile baridi ya juu na kuanikwa vizuri, na muonjaji anataka yote tuliyo nayo. Nikamwonyesha karai. Mokaya alikaa chini.

Sasa nyingine imeiva, nachuma mwenyewe, navuta nyekundu na kijani na majani, muonjaji amesema atarudi, na nyumbani hata mbwa ananikwepa. Nilimwomba Mohamednur mwenye duka aende akaniombee, maana anaheshimika, akasema, "Wallahi, mimi nauza sukari, mambo ya sabuni maliza mwenyewe." Kwenda naogopa, kwa sababu mimi na mama mkwe, Mama Kezia, hatutazamani usoni, ndiyo heshima yetu, na itabidi niseme mbele yake kwamba nilifua kahawa. Je, nikimwambia Bhoke nilikuwa namjaribu tu, ataamini?

Mfua Kahawa, Isebania, 1996

Mama Phelesia anajibu: Mfua Kahawa, nimecheka mpaka machozi, halafu nikamfikiria Bhoke nikaacha kucheka. Hapana, hataamini. Nani ataamini?

Pole kwa aibu, najua inauma. Lakini sabuni siyo shida. Mtu wa chai amekosea kahawa, hiyo sokoni watachoka nayo. Shida ni kwamba mgeni alisema maneno mawili matatu, na wewe papo hapo ukamhukumu mama wa watoto wako, hata kumwuliza hukumwuliza. Alipokueleza ukaziba masikio. Jameni! Na leo unataka kumwongezea uongo juu yake?

Ati mama mkwe hamtazamani usoni. Si uangalie chini useme? Heshima hiyo ilikuwa wapi ulipomwita binti yake mchafu jirani akisikia?

Sikia sasa. Acha kuchuma, unaumiza miti. Mwache Mohamednur na duka lake. Nenda kwa wakwe mchana watu wakikuona, na yule jirani aliyesikia matusi mwombe afuatane nawe, asikie na msamaha. Ya muonjaji usiyataje kwanza, wala kahawa iliyoiva, maana akianza kusikia hayo atajua umefuata mchumaji. Sema, "Bhoke, nilikuita mchafu na haikuwa kweli." Halafu nyamaza, aseme yeye. Akitaka kukaa kwao kidogo, rudi bila kununa, uwapikie watoto. Kahawa ikianguka, ianguke. Na muonjaji akija, Bhoke awepo asiwepo, simama mbele ya mkutano ule ule useme hii ni kazi ya nani.

Lakini kuna jambo limenikera. Nimesoma barua yako mara mbili. Umeandika kahawa imeiva, umeandika muonjaji atarudi, umeandika vijana wanakucheka. Kwamba unamtaka Bhoke arudi, hilo hukuandika popote. Kama liko moyoni, kamwambie yeye, leo hii. Kama haliko, mwache akae kwa mama yake.