Mkasi Alioukataa Bibi Yako

Mkolani, Mwanza.

Mjukuu wangu mpendwa Kabula,

Marahaba kwa shikamoo yako iliyonifikia kutoka chuoni. Sisi tu wazima, na shangazi yako amejifungua salama. Kuhusu swali lako la namna ya kuchagua mkasi wa kupasulia jicho, napenda kukiri kwamba aliyejua ni marehemu bibi yako, aliyekuwa muuguzi. Mimi nilikuwa karani wa stoo tu.

Enzi ya ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa milango, mfanyabiashara mmoja alituletea hospitalini mikasi inayong'aa. Mama yangu alikuwa amevuka kivuko cha Kigongo kuja kutolewa mtoto wa jicho, hivyo niliandika upesi barua nzuri ya kupendekeza ununuzi. Bibi yako alilowesha karatasi ya sigara, akajaribu kuikata kwa ncha pekee ya mkasi mmoja. Ikakunjamana, haikukatika.

"Sista, hicho ni chuma cha Ulaya," alisema mfanyabiashara.

"Hata Ulaya kuna mafundi cherehani," alijibu. "Jichoni hufika ncha peke yake."

Bibi yako akaikataa mikasi pamoja na barua yangu, na Mama akarudishwa nyumbani bila kupasuliwa. "Mkamwana," alimwambia, "kama hutaki nikuone, sema." Bibi yako alicheka, lakini jioni nilimkuta akilia.

Mkasi uliofaa ulipatikana baada ya majuma mengi. Mama alipopasuliwa na kufunguliwa bendeji, alimtazama mkwewe kwa muda mrefu, kisha akamwomba aketi karibu.

Basi, mjukuu wangu, jaribu ncha kwanza. Mimi, tangu atutoke, bado naandika barua zangu kwa ufasaha uleule, na hakuna wa kunikatalia.

Ni mimi babu yako, ninayekukumbuka.